Mkoba Uliokaa Msumarini

Mimi sikutaka kuandika haya. Nilikataa mara tatu, na anayenijua anajua hapana yangu moja huwa inatosha. Umri umekwenda, macho yamechoka, na kidole hiki cha shahada hakikunjiki vizuri tangu kilipobanwa na mlango. Tena kuandika nimejifunza ukubwani, darasa la ngumbaru, nikiwa tayari nina wajukuu. Herufi zangu ni nene na mistari yangu inapanda mlima. Basi anayesoma asinicheke, na akicheka acheke mbali nami.

Aliyenitia katika kazi hii ni dada mmoja kutoka hospitali kuu ya mjini. Jina lake alinitajia nikalisahau palepale, mimi namwita Dada wa Takwimu. Kazi yake ni kuhesabu wagonjwa wa moyo. Alifika hapa kwangu, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango, akafungua karatasi zake, akanisomea. Akasema kule mjini, kati ya watu kumi wanaoshikwa na moyo, wanane wanarudi nyumbani kwa miguu yao. Huku kwetu kati ya kumi wanarudi watano.

"Ugonjwa ni mmoja?" nikamuuliza.

"Ni mmoja, bibi."

"Na dawa?"

"Ni zilezile, zikifika."

"Sasa tofauti imetoka wapi? Sisi mioyo yetu imeshonwa kwa uzi mbovu?"

Akacheka kidogo, akaona mimi sicheki, akaacha. Akaniambia tofauti ni mahali mtu alipo siku ile moyo unapomshika.

Nikamuuliza mume wangu yumo katika hesabu hiyo? Akauliza alifia wodi gani. Nikamwambia hakufia wodini, alifia hapo ulipoweka miguu yako. Akavuta miguu yake taratibu. Akapekua makaratasi, akatafuta mwaka nilioutaja, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba wanaofia majumbani hawamo kwenye daftari la hospitali. Hayumo upande wa mjini, wala upande wetu hayumo.

"Basi nieleze habari zake, bibi, niandike."

"Zake ziliandikwa na watu mara moja," nikamwambia, "na nimeona kilichotokea. Safari hii naandika mwenyewe. Lete daftari."

Mume wangu alikuwa tarishi wa hospitali yetu. Alianza kwa kufagia. Miaka minne amefagia ua na wodi, na ufagio aliopewa siku ya kwanza ndio aliourudisha siku ya mwisho, umebaki kijiti. Mganga mkuu wa wakati ule akasema mtu asiyepoteza ufagio hatapoteza barua, akampa mkoba. Mkoba ulikuwa wa turubai la kijani, una mikanda miwili ya ngozi yenye matundu kama mshipi wa suruali. Ndani yake alibeba karatasi za wagonjwa. Kila Jumanne alipanda basi la alfajiri kwenda hospitali kuu, safari ya kutwa nzima, akalala huko katika chumba cha wapagazi, akasubiri majibu, akarudi nayo Ijumaa. Jumanne hadi Ijumaa, miaka kumi na tisa. Nimelala na mume nusu ya wiki maisha yangu yote, na wanawake wenzangu walikuwa wakinionea wivu.

Alikuwa mwembamba, mrefu, ana shingo ndefu. Kaki yake alipiga pasi mwenyewe, mimi hakuniamini na pasi ya mkaa, akisema ninapiga kama ninaua nyoka. Watu wote walimwita Tarishi. Watoto njiani, dereva wa basi, madaktari, hata mimi nikiwa na hasira. Wagonjwa aliowabeba katika mkoba aliwaita abiria wake. Akirudi kazini Jumatatu ataniambia, "Kesho nina abiria kumi na wawili," au, "Wiki hii ni wanne tu, watu wamepona au wameogopa mvua."

Alikuwa na sheria moja. Bahasha haifunguliwi ila na yule aliyeandikiwa. Hii haikuwa sheria ya kuonyesha ukubwa. Tarishi aliyemtangulia aliwahi kufungua bahasha ndani ya basi, akamwambia mwanamke mmoja kuwa hana maisha. Mwanamke akashuka njiani akaenda asikojulikana, ameacha watoto. Kumbe karatasi ilikuwa ya mtu mwingine. Mume wangu alifagia ile ofisi siku tarishi yule alipoitwa na kufukuzwa, akasikia yote. Kwa hiyo yeye akiulizwa njiani, "Tarishi, majibu ya mjomba yanasemaje?" hujibu, "Mimi nabeba, sisomi." Dereva wa basi, mtu mwenye kifua, aliwahi kumtishia amshushe porini. Akaukalia mkoba, akamwambia, "Ukinishusha mimi, umewashusha na wao."

Mkoba haukulala mezani wala chini. Ulikuwa na msumari wake nyuma ya mlango, na mtu hakuruhusiwa kutundika kitu kingine hapo. Siku moja nilitundika mwavuli, tukanuniana siku mbili.

Nilipoanza ngumbaru alianza kuniita Mwalimu. Nikisoma ubao wa duka kwa sauti, atasema, "Haya, Mwalimu ametamka." Nikikosea, hacheki kwa mdomo, anacheka kwa shingo. Na mimi mbele yake nilikuwa mtu wa kutia chumvi. Nilimwambia sasa hakuna maandishi yatakayonishinda, ya duka, ya kanisa, ya serikali. "Na ya daktari?" akaniuliza. "Hata ya daktari," nikasema. Kumbukeni neno hilo, maana lilinirudia.

Sasa nije kwenye moyo. Mdogo wangu wa kike ameolewa mjini, na mumewe ni kinyozi. Wanaume wawili waliooa dada na mdogo mtu huitana mwanyumba, na hawa wawili walipendana kuliko sisi tulivyopendana. Kinyozi ni mtu wa maneno mengi, anaweza kukunyoa upande mmoja akasahau wa pili kwa hadithi. Siku moja ya Jumatano, saa tano asubuhi, yuko saluni kwake anamnyoa mtu ndevu, kifua kikambana, wembe ukamtoka mkononi. Aliyekuwa kitini akaruka na ndevu zake za upande mmoja, akamtia kwenye gari lake, akamfikisha hospitali kuu kabla hata sabuni haijamkauka shavuni. Ni mwendo wa dakika kumi. Wakamwekea nyaya kifuani, mashine ikachora, daktari wa moyo akaitwa kutoka chumba cha pili, akatazama, wakamtundikia dawa ya chupa saa ileile.

Mume wangu alikuwa huko na mkoba wake. Alhamisi akaenda kumtazama wodini, akamkuta ameketi anakunywa uji na kumlalamikia nesi kuhusu sukari.

"Mwanyumba," kinyozi akamwambia, "wamesema nilikuwa na mfereji umeziba, wakauzibua. Mimi nilidhani ni gesi."

"Wewe mfereji wako wa maneno ndio ungezibwa," mume wangu akamjibu.

Alirudi nyumbani akanisimulia, tukacheka sana. Kinyozi mpaka leo ninapoandika anashika mkasi.

Hazikupita wiki tatu, mume wangu akaanza kupenda kutazama vitu. Tukitembea, tukifika pale njia inapopanda, atasimama kutazama ua la jirani. Mbele kidogo atasimama kutazama bati la nyumba ya watu. Nikamuuliza, "Wewe tangu lini umekuwa fundi wa mabati?" Akasema anapumzisha macho. Nikatazama midomo yake, ilikuwa na rangi ya majivu. Jumapili akiwa anapiga pasi kaki, akaweka pasi chini, akashika taya, kisha akashika mkono wa kushoto juu ya kiwiko. Akakaa hivyo kidogo. Akashika pasi tena akamaliza kola.

Jumatatu nilikwenda naye hospitali yetu, yeye mbele, mimi nyuma yake nikisema bila kupumua mpaka tukafika. Tabibu wetu alikuwa mtu mpole, mwenye adabu, amesoma vya kutosha kwa malaria na kwa kuzalisha. Ile mashine ya kupima moyo tulikuwa tumeletewa mwaka uliotangulia. Inachora milima na mabonde kwenye karatasi ndefu, na tabibu alijua kuiwasha. Kuisoma ilikuwa kazi ya daktari wa moyo, naye alikuwa mmoja tu, kule mjini. Simu ya hospitali waya wake ulikuwa umekatika tangu mvua, na hizi simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia.

Tabibu akaishika karatasi ya mume wangu juu ya mwanga. Akasema, "Hii siipendi, mzee. Kesho naipeleka kwa daktari wa moyo."

"Unaipeleka wewe?" mume wangu akamuuliza. "Si naipeleka mimi?"

Wakacheka wote wawili. Kisha tabibu akaacha kucheka, akamwambia, nami nimesikia kwa masikio yangu, "Ukifika pale dirishani usiiweke tu. Sema ni yako. Sema unaumwa."

"Sawa," akajibu. Sawa yake niliijua. Ilikuwa ya kumfanya mtu anyamaze.

Jumatano iliyopita niliweka kalamu nikasema nimemaliza sehemu hii, leo nimeisoma tena naona nimesahau jambo. Usiku wa kuamkia safari nilimwambia nitakwenda naye. Akasema, "Mkoba una nafasi ya karatasi tu, Mwalimu." Alfajiri akafunga mikanda, akaniambia, "Leo nina abiria kumi na wanane, na mmoja ni mimi." Akatoka. Nilisimama mlangoni nikaona anavyotazama ua la jirani.

Ijumaa basi lilichelewa, daraja lilikuwa limeharibika wakazungukia mbali. Alifika jua likizama, ofisi ya hospitali imefungwa mpaka Jumatatu. Hakuja moja kwa moja nyumbani. Alipandisha kwanza kilima kwenda nyumbani kwa tabibu, akagonga, jirani akamwambia tabibu amekwenda kumwona mama yake mgonjwa, atarudi Jumapili jioni. Ndipo akaja, shati limelowa jasho na hewa ni ya baridi.

"Kwa nini umepanda huko?" nikamuuliza. "Si siku zote ukikuta pamefungwa unasubiri Jumatatu?"

"Kuna moja ya haraka humu. Karani wa dirishani ameniambia wakati ananipa furushi, moja humo ni ya haraka, ikifika tu tabibu aione."

"Ya nani?"

"Sikuuliza."

"Kama ni yako je?"

Akaketi, akaanza kufungua kamba za viatu. "Ingekuwa yangu ningeambiwa," akasema. "Si nilikuwa nimesimama palepale mbele yake."

Niliona maneno hayo yana akili. Hata leo nikiyatazama naona yana akili. Nikampa maji ya kuoga, na mkoba ukalala msumarini.

Jumamosi alipanda kile kilima mara mbili. Asubuhi alisema labda tabibu amerudi mapema. Alasiri akasema tena. Nikasimama mlangoni nikapanua mikono, nikamwambia hupiti. Akaniambia, "Kuna mtu mahali fulani amelala, hajui kama majibu yake yamefika. Wewe ungependa tarishi wake awe amekaa anakunywa chai?" Nikashusha mikono. Aliporudi ile ya pili hakuweza kusema mpaka alipokaa kitambo kirefu. Nikamwita nesi wa zamu, akaja na vidonge viwili, akasema apumzike, akasema pia tungoje majibu yake. Mume wangu akamwonyesha mkoba kwa kidevu. "Majibu yamo," akasema. "Mwenyewe hayupo."

"Wape manesi wafungue," nikamwambia mume wangu, nesi alipoondoka.

"Juu pameandikwa nani?"

"Tabibu."

"Basi nimeshajibu."

"Na wewe ukifa na sheria yako?"

"Nitakufa sijasoma barua ya mtu," akasema, akaniangalia kwa yale macho ya kucheka. "Wewe ndiye msomaji humu ndani, Mwalimu."

Jumapili asubuhi akaenda kuoga. Bafu letu liko nje, nyuma ya nyumba, nilisikia maji na kata ikigonga ndoo. Nikautoa mkoba msumarini. Ni mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa mikono yangu kuugusa, maana hata kuuosha aliuosha mwenyewe. Nikafungua mkanda mmoja, kisha wa pili. Bahasha zimefungwa kwa uzi, kila moja ina jina la mgonjwa pembeni kwa herufi ndogo. Nikazipitia kwa kidole, nikipumua kama mwizi. Ya kumi na moja ilikuwa yake. Jina lake nililisoma bila taabu, ndilo neno la kwanza nililoomba kufundishwa ngumbaru, kabla ya langu.

Niliishika. Nitasema kweli hapa, maana sijawahi kuisema, hata kwa mdogo wangu. Sikuogopa sheria yake. Sheria yake ningeivunja kama kijiti. Niliogopa kuwa nitafungua nikute yale maandishi ya madaktari, yale kama kuku amepita, nisiweze. Atatoka bafuni anikute nimechana bahasha yake na bado sijui imesema nini, mimi niliyejigamba hata ya daktari. Ataniita Mwalimu kwa ile shingo yake. Nikaona aibu hiyo ni kubwa kuliko kusubiri siku moja. Nikairudisha, nikafunga mikanda, nikautundika.

Alitoka, taulo begani, akautazama mkoba mara moja tu.

"Mwalimu, umekosea tundu," akasema. Mkanda nilikuwa nimeupitisha tundu la pili, yeye hufunga la tatu.

"Sikufungua bahasha."

"Najua. Ungefungua ungekuwa umeshanifokea."

Akaurekebisha. Akavaa, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango kung'arisha viatu vya Jumatatu. Mimi nikawa nachambua mboga kizingitini, tunaonana. Aliingiza mkono ndani ya kiatu cha kushoto, akakiinua kwenye mwanga, alivyofanya siku zote kutazama kama kuna mahali amepasahau. Kisha kiatu kikashuka, naye akashuka nacho. Hakuita. Ilikuwa saa nne.

Jumatatu, nyumba imejaa watu, ndugu wamekwenda kuchimba kaburi, mimi nikautoa mkoba msumarini nikautia begani. Shemeji zangu wakanizuia, wakisema mjane amerukwa na akili. Nikawaambia mkoba huu haujawahi kuchelewa Jumatatu na hautachelewa leo. Nikaupeleka hadi hospitali.

Tabibu alikuwa amerudi jana yake jioni na habari amezipata, macho yalikuwa mekundu. Akapokea mkoba kwa mikono miwili. Akafungua bahasha moja moja, ndivyo ilivyotakiwa, mimi nimesimama. Ya kwanza, ya pili, ya tano. Ya kumi na moja akaifungua, akaisoma, akageuka akatazama dirisha.

"Nipe," nikasema.

"Mama, hii ni..."

"Ni ya mume wangu. Jina ninaliona."

Akanipa. Daktari yule hakuandika kama kuku. Aliandika kwa herufi kubwa za kuchapa, amezitenganisha moja moja, kama anayemwandikia mtoto wa darasa la kwanza, nadhani ili huku mbali asikosee mtu. ALETWE LEO. Maneno mawili, herufi tisa, na chini yake tarehe ya Alhamisi. Niliyasoma kabla tabibu hajafungua mdomo. Niliyasoma bila kutumia kidole.

Alhamisi hiyo mume wangu alikuwa palepale mjini.

Baada ya mazishi nilipanda basi lake, nikakaa kiti chake, dereva yule mwenye kifua akashindwa kunitazama. Nilitaka kuliona dirisha. Karani wake ni mwanamke wa makamo, mnene, mwenye miwani kwenye uzi. Nilipomwambia mimi ni nani alitoka nje akaja kukaa nami kwenye benchi. Alinieleza yote, sikumwomba mara mbili. Pale mezani kulikuwa na trei mbili. Moja imeandikwa WA HAPA, ya pili WA MBALI. Za wa hapa daktari huzisoma muda huohuo, kwa sababu mgonjwa yuko kwenye benchi anasubiri. Za wa mbali huzisoma Alhamisi alasiri akimaliza wodi, kwa sababu, alisema, hata akizisoma mapema mgonjwa mwenyewe hayupo.

"Alizileta Jumatano kama kawaida, akaziweka trei ya mbali," karani akasema. "Alhamisi daktari akatoka na ile moja mkononi, anasema huyu aletwe, huyu aletwe. Nikaitia kwenye bahasha, nikafunga furushi. Ijumaa asubuhi nikampa Tarishi mwenyewe. Nikamwambia moja ni ya haraka."

"Jina hukuliona?"

"Nililiona, mama. Nililiandika mimi. Lakini sisi tulimjua Tarishi. Jina lile hatukulijua."

"Miaka kumi na tisa hukumuuliza?"

Akavua miwani. "Naye hakuniuliza langu," akasema.

Nikamuuliza lake, akanitajia, na hilo sijalisahau.

Nilipitia kwa kinyozi. Akanikalisha kwenye kiti cha wateja, yeye akasimama nyuma yangu na kitana mkononi, nikaona uso wake kwenye kioo. Safari ile ya mwisho mume wangu alikuwa amekuja Jumatano alasiri, akaketi kwenye kiti hichohicho, hakutaka kunyolewa. "Nilimwambia, mwanyumba, rangi yako ndiyo niliyokuwa nayo mimi. Nenda kajionyeshe. Ni dakika kumi. Akaniambia, nitawarukaje wale kumi na saba, na karatasi zao nimezibeba mimi mwenyewe?" Kinyozi akashusha kitana kichwani mwangu. Akanichana nywele zangu chache, taratibu, mpaka nikanyanyuka.

Zile trei niliziona. Karani aliniingiza ndani. Zimekaa bega kwa bega, na kutoka ya hapa hadi ya mbali ni upana wa kiganja changu. Nilipima. Nilifikiri mbali ni kule kwetu, kumbe mbali iko hata pale mezani pake.

Dada wa Takwimu anasema siku hizi trei hazipo. Anasema milima ya moyo inapigwa picha kwa simu na daktari anaiona kabla chai haijapoa. Nimefurahi. Nikamuuliza na mgonjwa naye anapigwa picha akafika? Akasema hapana bibi, mgonjwa bado anafika kesho yake, na madaktari wa moyo bado wako mjini wote. Ndiyo maana ana wanane na watano kwenye karatasi zake.

Sasa nimemaliza sehemu yangu, na kidole kinauma. Iliyobaki ni yako wewe dada, na wewe mwingine yeyote uliyepewa daftari hili usome. Jina la mume wangu sikuliandika humu juu kwa makusudi, maana humu mngelipita mbio kama walivyolipita wengine. Nimeliandika kwenye karatasi ya peke yake, nimeikunja, nimeitia kwenye bahasha mwisho wa daftari. Bahasha hiyo nimekuandikia wewe, kwa hiyo unaruhusiwa kufungua. Fungua. Usome jina lote, la kwake na la baba yake. Kisha uliandike kwenye hesabu yako, upande wetu, pale kwa wasiorudi, na uwaulize na majirani nani mwingine alifia nyumbani, maana mimi ninawajua sita bila kutoka uani. Hesabu ikibadilika uje nayo hapa. Na ukija usinisomee. Nipe mkononi, nisome mwenyewe.